“Mwana” ni nani ndani ya kompyuta yangu?

BARUA ZA WASOMAJI: KOMPYUTA NA SIMU

Swali

Assalaamu alaikum Bi Fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete. Mwaka jana, baada ya kuuza karafuu, nilinunua laptopu iliyokwishatumika katika duka moja huko mjini Unguja. Ndiyo ninayowekea alama za wanafunzi na hesabu za kikundi chetu cha hisa, ambacho ni cha wanawake watupu na mimi ndiye katibu. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta faili lililopotea, nikaingia kwenye diski C, nikafungua folda iliyoandikwa Users. Humo nikakuta watu nisiowajua: mwana, defaultuser0, TEMP, Default, Public, na mmoja ana jina la kizungu lenye nukta katikati. Kompyuta yangu ikiwaka inaandika jina langu kamili, la baba na la babu, lakini katika folda zile jina hilo halimo kabisa. Nilijaribu kuifuta hiyo “mwana”, ikakataa, ikasema inatumika. Inatumika na nani, na mimi nimekaa peke yangu chumbani?

Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni Unguja. Alipokuja Sikukuu nilimpa anitazamie, kwa sababu wakati wa masika umeme uliondoka ghafla, na kompyuta ilipowaka ikaja tupu, haina faili hata moja. Nilipoizima na kuiwasha tena ndiyo vitu vikarudi. Alikaa nayo usiku kucha. Baadaye nikaona ameniachia programu inayoitwa AnyDesk, ya kuendeshea kompyuta ukiwa mbali nayo. Nikaunganisha mambo: huyu ndiye aliyejiandika “mwana”, na anaingia kwenye hesabu zetu akiwa huko huko. Nikamwambia wifi yangu, tukakosana, na kijana hapokei tena simu zangu. Je, nifute folda zote? Niende polisi?

*Mwalimu, Wete*

Jibu

Waalaikumu salaam, mwalimu. Kabla ya yote, usifute kitu. Folda hiyo ya “mwana” ni yako wewe, na alama za wanafunzi wako zimo humo.

Mtu anapojiandikisha kwenye Windows kwa barua pepe, yaani kwa akaunti ya Microsoft, kompyuta haimpi folda jina lake kamili. Inachukua herufi tano za mwanzo za anwani ya barua pepe yake, basi. Jina kamili linabaki kwenye skrini ya kuingilia. Barua yako imenifikia kwa barua pepe. Anwani yako sitaichapisha, lakini inaanza na “mwana”, kama yalivyo majina mengi ya wanawake wa visiwa hivi. Mwanaisha, Mwanakombo, Mwanakhamis, Mwanajuma, wote hao Windows huwaandikia folda ya “mwana”.

Usinisadiki kwa maneno, jaribu mwenyewe. Fungua dirisha lolote la folda, bonyeza kwenye ule mstari wa juu unaoonesha njia, futa kilichomo, andika %userprofile% kisha bonyeza Enter. Utapelekwa moja kwa moja kwenye folda ya mtu aliyeingia wakati huo, na juu yake utasoma “mwana”. Ingia Desktop, ingia Documents. Zikiwa tupu, tazama ndani ya folda ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, iliyomo humo humo. Utakuta faili zako, kwa majina uliyozipa wewe. Ilikataa kufutwa kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa ukiitumia saa ile. Nashukuru Mungu kwamba ilikataa.

Kwa hiyo kijana hakujiandika “mwana”. Nataka hilo liwe wazi kabla hatujaendelea, maana umekosana na wifi yako kwa jina la folda.

Default na Public huja na Windows yenyewe. Default ni kiolezo: kila mtumiaji mpya akiongezwa, folda yake hunakiliwa kutoka hapo. Public ni ya vitu vya kutumiwa na wote. Ziache. Hiyo defaultuser0 inatisha kwa jina lake, nami huletewa mara kwa mara na watu waliokosa usingizi kwa ajili yake. Windows inapowekwa kwa mara ya kwanza, kabla hujaiambia jina lako, inahitaji mtumiaji wa muda wa kufanyia kazi hiyo, naye ndiye huyo. Alitakiwa aondoke kazi ikiisha, lakini tangu Windows 10 mara nyingine anabaki. Hana anachokifanya.

Sasa TEMP. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu nadhani ndipo lilipo jibu la faili ulilokuwa ukilitafuta. Umeniambia umeme uliondoka ghafla, kompyuta ikawaka tupu, kisha ikarudi. Kilichotokea ni kwamba Windows ilishindwa kusoma wasifu wako, ule mkusanyiko wa mipangilio na folda zako, kwa kuwa kompyuta ilizimika katikati ya kuuandika. Badala ya kukuacha nje, ikakupa wasifu wa muda, na folda ya wasifu huo ndiyo TEMP. Chini pembeni huwa inatoa ilani kwa Kiingereza kwamba umeingia kwa wasifu wa muda, lakini nani anayesoma vile vijiujumbe vinavyopita? Tatizo la wasifu wa muda ni kwamba ukiandika kitu, ukakihifadhi kwenye Desktop, ukatoka, kinafutwa nao. Hukuniambia kama siku ile uliandika chochote kabla ya kuizima. Ikiwa uliandika, huenda ndilo faili lako hilo. Basi fungua TEMP. Ikikuuliza ruhusa bonyeza Continue, utazame Desktop na Documents za ndani yake. Kwa kuwa folda yenyewe bado ipo, pengine na kilichomo hakijafutika chote. Ukilikuta faili lako, linakili kwanza kwenye flashi, kisha ndiyo ushangilie.

Na kama kompyuta itakuja tupu tena, usiandike neno. Toka, iwashe upya. Ikirudia mara kwa mara, huenda tatizo si umeme peke yake, huenda diski inakufa, na laptopu ya mtumba huja na diski iliyokwishafanya kazi ya miaka. Nakili kila kitu wiki hii.

Inabaki folda ya jina la kizungu lenye nukta. Hiyo ndiyo pekee katika orodha yako ambayo si ya Windows wala si yako. Majina ya namna hiyo, la kwanza, nukta, la ukoo, ni desturi ya maofisi. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Ghuba. Kampuni hubadilisha kompyuta zake zote kwa mpigo, za zamani zikauzwa kwa jumla, zikafika madukani kwetu. Mwuzaji wako hakuisafisha. Aliongeza mtumiaji mpya juu ya wa zamani, akakupa. Faili za mtu huyo huenda zimo bado: barua zake, picha za watoto wake, mikataba. Nakuomba usizifungue. Ni siri za mtu aliyedhani zimefutwa, nawe ukikaa nazo unakaa na amana.

Lililo muhimu kwako ni kujua kama mtu huyo, au mwingine yeyote, ana akaunti inayoweza kuingia. Folda ni mahali pa kuwekea vitu tu. Folda inaweza kubaki wakati mwenyewe hayupo tena. Anayeingia ni mwenye akaunti. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika net user, Enter. Utapata majina. Administrator, DefaultAccount, Guest na WDAGUtilityAccount huzaliwa na Windows, na kwa kawaida yote manne yamefungwa. Ukitaka kuhakikisha, andika net user Administrator, utazame mstari wa Account active: ukisema No, umefungwa. Chini yake kuna mstari wa Last logon, unaotaja mara ya mwisho mtu huyo alipoingia. Kisha andika net localgroup administrators, upate wenye mamlaka yote juu ya kompyuta hiyo. Humo ndimo pa kutazama kwa jicho kali. Akiwamo “mwana” na Administrator peke yao, pumua. Jina la kizungu likitokea huko na Last logon yake ni baada ya wewe kuinunua, hapo nitakuwa wa kwanza kukubaliana nawe kwamba kuna jambo.

Ingia pia kwenye Settings, Accounts, kisha mahali palipoandikwa Access work or school. Ukikuta jina la kampuni usiyoijua, kompyuta bado imefungwa na ofisi ya zamani, na ofisi hiyo inaweza kuiendesha hata kuifuta ikiwa mbali. Hiyo irudishe dukani, udai fedha yako.

Kuhusu AnyDesk na kijana wetu. Programu hiyo ni halali. Mafundi wengi tunaitumia kumsaidia mtu wa Pemba tukiwa Unguja bila yeye kupanda boti. Lakini ni mlango kweli, na wewe una haki ya kujua nani kapita. Nayo inaweka daftari. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %programdata%\AnyDesk, Enter. Tafuta faili la connection_trace, ulifungue kwa Notepad. Usipoliona huko, jaribu %appdata%\AnyDesk. Kila mstari ni mtu mmoja aliyebisha hodi kwenye kompyuta yako: kuna neno Incoming, tarehe na saa, kisha neno moja la kutazama sana. Likiwa User, kulikuwa na mtu amekaa hapo kwenye kompyuta akabonyeza kukubali. Likiwa Passwd, aliyeingia alitumia neno la siri lililowekwa kabla, na hakuhitaji wewe uwepo. Mwishoni kuna namba ya AnyDesk ya aliyeingia. Linganisha tarehe hizo na siku ulizoomba msaada. Faili hilo kutokuwepo hakumtii mtu hatiani wala hakumtoi: kama hakuna aliyewahi kuingia, halitakuwepo, na anayejua kazi anaweza kulifuta.

Fanya hivyo kabla hujasema neno jingine na mtu. Halafu, kama hakuna kitu, mpigie simu kaka yako, umwombe amweke mwanawe kwenye laini, umwambie kijana kwa ulimi wako kwamba umetazama na hukukuta kosa lake. Usimtume mtu. Vijana hawa wanaojua kompyuta ndio tunaowapigia usiku, ndio wanaotutengenezea bure wakati wa Sikukuu, na kitu kisichoeleweka kikionekana kwenye skrini ndio wa kwanza kutuhumiwa. Nimewaona wakiacha kabisa kusaidia jamaa zao. Kijana wako alikosea jambo moja, alikuachia mlango bila kukueleza. Hilo mwambie pia, kwa upole. AnyDesk iondoe; siku ukimhitaji ataiweka tena na wewe upo.

Hesabu za kikundi ziwekee neno la siri kwenye faili lenyewe. Katika Excel ni File, Info, Protect Workbook, kisha Encrypt with Password. Neno hilo wajue wawili, wewe na mweka hazina, maana ukilisahau faili halifunguki tena. Na likizo ya skuli ikifika, nakili vyako vyote kwenye diski ya nje, kisha mwachie huyo huyo kijana aifute kompyuta nzima na kuweka Windows upya. Ataondoka mzungu, TEMP na defaultuser0 kwa pamoja. Aitumie Windows yenye leseni. Zile programu za kuamsha Windows bila kununua, ambazo kabla ya kuziweka unaambiwa uzime kinga ya virusi, ndizo ninazoziogopa kuliko folda zote ulizonitajia: unazima mlinzi kwa mkono wako, kisha unamkaribisha usiyemjua. Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kompyuta yenye TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama kilichomo ndani ya kompyuta, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Wasomaji wengine mnaokwenda kununua za mtumba, ulizeni hilo kabla ya kuulizana bei.

Polisi nenda ikiwa umekuta akaunti inayoingia bila idhini yako, au mistari ya Passwd katika tarehe ambazo hukuomba msaada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha 4 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Piga picha skrini kwa simu, usifute wala usisafishe kitu, uende na kompyuta yenyewe.

Swali

Bi Fundi, mimi nafanya kazi mapokezi katika hoteli Nungwi. Google imeniandikia kwamba kuna aliyeingia kwenye akaunti yangu kutoka Dar es Salaam. Sijavuka bahari tangu Mfungo Mosi. Halafu nilipofungua akaunti yangu ya Microsoft kutazama usalama, nikakuta majaribio ya kuingia kutoka Brazil, Vietnam na Ujerumani, karibu kila siku. Nina maadui wangapi?

*Kijana wa Nungwi*

Jibu

Mwanangu, hao wa mbali hawakujui. Ni mashine zinazochukua orodha za barua pepe zilizovuja kutoka tovuti mbalimbali, na kujaribu maneno ya siri usiku na mchana kwa watu wote waliomo. Tazama kila mstari umeandikwaje. Ukisema jaribio limeshindwa, mlango umefanya kazi yake. Unaotafutwa ni mstari wa kuingia kulikofaulu, katika saa ambayo wewe hukuwa kwenye simu wala kompyuta.

Na Microsoft inakupa njia ya kuyanyamazisha. Kwenye maelezo ya akaunti yako ongeza anwani ya pili ambayo hujampa mtu, ifanye ndiyo ya kuingilia, kisha kwenye mapendeleo ya kuingia uondoe ile ya zamani. Barua zitaendelea kukufikia kwa anwani ya zamani, lakini anayejaribu kuingia nayo hatafika hata kwenye swali la neno la siri.

Dar es Salaam karibu hakika ni wewe. Google haijui ulipokaa. Inajua namba ambayo kampuni ya simu imekupa kutokea kwenye intaneti, na mara nyingi namba hizo zimeandikishwa Dar es Salaam, uwe Nungwi au Makunduchi. Tazama vitu viwili kwenye ujumbe ule: aina ya simu, na saa. Zikiwa ni simu yako na saa uliyofungua wewe, basi. Zisipolingana, usibonyeze kiungo kilichomo kwenye barua hiyo, kwa sababu na wezi nao huandika barua za namna hiyo. Fungua akaunti ya Google wewe mwenyewe, ingia sehemu ya usalama, ukitoe kifaa usichokijua, ubadilishe neno la siri, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kompyuta ya mapokezi mnayoishika kwa zamu usiifungulie barua pepe yako binafsi hata siku moja. Wageni wanaacha pasipoti zao kwenu, na wewe uache heshima yako nyumbani.

Swali

Nina duka la kuchapisha na fotokopi Mwanakwerekwe. Wateja hufungua barua pepe zao kwenye kompyuta yangu ili wachapishe tiketi za boti na fomu. Juzi mteja mmoja alikuja akanipigia kelele mbele za watu kwamba nimemdukua, kwa sababu simu yake inamwonesha kompyuta yangu imo ndani ya akaunti yake. Wallahi sijagusa kitu. Nimjibu nini?

*Mwenye duka*

Jibu

Nakuamini, na yeye pia anasema kweli kwa alichokiona. Alifungua barua pepe kwako, akachapisha, akaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Tangu hapo kompyuta yako imo kwenye orodha ya vifaa vyake. Mwite kwa salamu, mkalishe, mwombe afungue akaunti yake kwenye simu yake mwenyewe, aingie sehemu ya usalama, kwenye vifaa vyake, achague kompyuta yako na abonyeze kutoka. Afanye yeye, wewe usiishike simu yake. Kisha mfungulie kivinjari chako aone kwamba akaunti imeshafungwa.

Kuanzia kesho, mteja asifungue barua pepe kwenye dirisha la kawaida. Katika Chrome bonyeza ile picha ya mtumiaji juu kulia, chagua Guest. Dirisha hilo likifungwa, akaunti na historia vinaondoka nalo, lakini kilichopakuliwa hakiondoki, kinabaki kwenye Downloads. Kwa hiyo kabla ya kufunga duka kila jioni, fungua Downloads, futa vitambulisho, vyeti na tiketi za watu, kisha uifute na Recycle Bin. Bandika karatasi juu ya skrini: “Tafadhali toka kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka.” Iandike kwa herufi kubwa.